Fanani, Hadhira na Hadithi Isiyofungwa: Maelezo juu ya Malalamiko ya Wapenzi wa Hadithi za Mfululizo

I. Jambo Lenyewe

Hadithi ya mfululizo ni ile ambayo mtungaji wake haimalizi katika kikao kimoja wala katika kitabu kimoja, bali huigawa sehemu sehemu, na wahusika wake huendelea kuishi kutoka sehemu moja hata nyingine, pengine kwa muda wa miaka ishirini au zaidi. Utungaji wa namna hii si mgeni katika Kiswahili. Magazeti ya Afrika Mashariki yamechapa hadithi za aina hiyo kwa miaka mingi, redio imezitangaza, na waandishi wa riwaya za upelelezi wamejipatia sifa kwa kumrudisha mpelelezi yule yule katika kitabu baada ya kitabu. Katika zama hizi umefunguka mlango mwingine, nao ni ule wa michezo ya kompyuta, ambayo vijana huiita gemu. Mtu apitaye karibu na vibanda vya michezo hiyo mijini aweza kudhani kwamba yote ni ya kandanda na ya kushindana magari. Sivyo. Iko mingi ambayo ni hadithi ndefu, yenye wahusika, visa na maneno ya kutosha kujaza vitabu kadhaa, na baadhi yake imeendelea kutolewa sehemu baada ya sehemu kwa zaidi ya robo karne.

Jambo linaloelezwa katika makala haya ni ugomvi unaozuka mara kwa mara baina ya watungaji wa hadithi hizo na watu wazipendao. Watu walioifuata hadithi kwa miaka mingi humgeukia mtungaji na kumwambia kwamba ameipoteza njia: mhusika ametenda asilopaswa kutenda, mwisho haulingani na mwanzo, au hadithi inaburutwa ilhali imekwisha kufa. Watungaji nao hujibu kwamba hadithi ni kazi ya mikono yao, na asiyeipenda na aiache. Watazamaji wa kando hupuuza pande zote mbili na kusema kwamba ni kelele za watu wasio na kazi.

Kauli hiyo ya mwisho haitoshelezi. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba malalamiko hayo hayatokani na uchungu wa mwisho wa huzuni, wala na woga wa mageuzi, bali hutokana na mapatano baina ya fanani na hadhira ambayo yamevunjwa au yanadhaniwa kuvunjwa. Mapatano hayo si mapya. Kwa upande wa Kiswahili yamekwisha kutamkwa zamani, tena kwa maneno machache, katika fomula za kufungulia na kufungia ngano.

II. Maneno ya Kupambanua

Yafaa kwanza kupambanua maneno, maana katika jambo hili Kiswahili kina utajiri ambao usipoangaliwa huleta mkanganyo. Kunung'unika ni kusema kwa sauti ya chini, na anung'unikaye hana haja ya msikilizaji maalumu; aweza kunung'unika peke yake au na wenziwe waliopatwa na jambo lile lile. Kulalamika huhitaji mtu wa kusikia, na aghalabu mtu huyo ni yule mwenye uwezo wa kutengeneza mambo: mzazi, mkubwa wa kazi, serikali, au mhariri wa gazeti. Kulaumu hutaja mkosaji, na lawama humfikia mtu kwa jina lake. Kinyongo ni jambo jingine kabisa. Watu hawatamki kinyongo, hukiweka. Hukaa moyoni hata kikapata njia ya kutokea, na kwa kawaida hutokea kikiwa kikubwa kuliko jambo lililokizaa.

Maneno haya manne hayatofautiani kwa ukali tu. Yanatofautiana pia kwa umbali uliopo kati ya asemaye na asemwaye. Lawama ni ya karibu. Malalamiko hupanda ngazi. Manung'uniko huzunguka miongoni mwa walio sawa. Kinyongo hakina pa kwenda. Tofauti hiyo itafaa katika kueleza mbona hadhira ya zamani na ya sasa hazikasiriki kwa namna moja.

Hali kadhalika pana maneno mawili ya kumtaja mtu apendaye kazi ya sanaa: shabiki na mpenzi. Shabiki ni neno la viwanja vya mpira zaidi. Huyo ana upande, na furaha yake haikamiliki pasipo upande wa pili kushindwa. Mpenzi ni neno la redio, kama watangazaji wanavyosema wapenzi wasikilizaji. Mpenzi hana wa kumshinda. Alichonacho ni kile akipendacho, na hicho kikimwacha hubaki mikono mitupu. Wanaolalamikia hadithi za mfululizo huitwa mashabiki siku hizi, walakini hali yao ni ya wapenzi.

III. Mapatano ya Ngano

Lusewa iko katika Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma, katika nchi iliyohesabiwa chini ya Songea mpaka wilaya hiyo ilipoundwa mwaka 2002. Katika pande hizo Wayao, Wandendeule na Wangoni ni majirani, na Kiswahili ni lugha ya kuwaunganisha pamoja na kuwa lugha ya shule na ya redio. Mahali pa namna hii pana manufaa kwa mchunguzi kwa sababu mtu mmoja aweza kukutana na hadithi kwa njia tatu katika maisha yake: kwa kinywa cha bibi yake usiku, kwa sauti ya redio, na hatimaye kwa kioo cha simu. Hadithi ni hadithi kote kuko, lakini umbali wa fanani haulingani.

Katika njia ya kwanza fanani yupo. Wajukuu wanamwona uso wake. Akiimba huitikia, akisita humhimiza, na akikosea mpangilio wa kisa wanachokijua humrudisha papo hapo, kwa kuwa wamekisikia mara nyingi na wanakijua kama yeye. Hapa pana lawama ya karibu kabisa, nayo haizai ugomvi, maana hutengenezwa kabla haijapoa. Kosa lililosahihishwa kabla ya kisa kwisha halihesabiwi kuwa kosa.

Lililo kubwa zaidi ni fomula. Fanani huanza kwa kuita: hadithi, hadithi. Hadhira hujibu kwamba hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Jibu hili limezoeleka mno hata watu hawalitazami tena, na kumbe ndani yake mna mkataba mzima. Hadhira inaukaribisha uongo kwa jina lake, waziwazi. Haitaki kudanganywa pasipo kujua, wala haitamdai fanani ukweli wa mambo ya dunia. Sungura na aseme, jabali na lifunguke, mfu na arudi. Lakini uongo umekaribishwa pamoja na sharti, nalo ni utamu ukolee. Kukolea si kuwa tamu tu. Chumvi hukolea katika mchuzi na rangi hukolea katika nguo. Ni kuenea na kushika mahali pote kwa kiasi kinachotakiwa. Basi hadhira haidai furaha, bali yadai kwamba uongo ule ushikamane wenyewe kwa wenyewe, mwanzo hata mwisho.

Mwishoni fanani hufunga. Fomula za kufungia ni nyingi, na mojawapo iliyoenea pwani, ambayo ilikwisha kuandikwa katika karne ya 19, husema kwamba hadithi ikiwa njema ni ya wote, na ikiwa mbaya ni ya msimulizi peke yake. Hapo ndipo mali inapokabidhiwa. Uzuri unagawanywa kwa kikao kizima. Ubaya unabaki kwa aliyetunga. Fanani hasemi kwamba hadithi ni yake na asiyeipenda aiache. Anasema kinyume cha hayo: kwamba fungu lililo lake kwa hakika ni lile la kasoro. Baada ya maneno hayo hakuna deni. Watu hulala.

IV. Neno "Itaendelea"

Hadithi ya mfululizo ina fomula ya kufungulia, lakini fomula yake ya kufungia imeahirishwa. Mahali pake pamewekwa neno moja lililochapwa chini ya safu ya gazeti: itaendelea. Kisarufi neno hili ni sentensi kamili. Kiambishi i- chasimama badala ya hadithi, -ta- chaonyesha wakati ujao, na hakuna mtendaji anayetajwa. Hadithi yenyewe ndiyo inayoahidi, kana kwamba haina mtu. Na ahadi ni deni. Kila toleo la gazeti linalomalizika kwa neno hili hulimbikiza deni juu ya deni, na msomaji naye hulipa upande wake: hulipa fedha ya gazeti, hulipa muda, na zaidi ya yote hulipa kazi ya kukumbuka. Msomaji wa mfululizo ndiye mtunza kumbukumbu wa hadithi. Mara nyingi humjua mhusika kuliko mtungaji anavyomkumbuka.

Mfano ulio mwema katika Kiswahili ni Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Alianza kuonekana katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichopata tuzo la kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 na kuchapwa mwaka 1960. Akarudi katika Kisima cha Giningi mwaka 1968, na katika vitabu vingine vya miaka ya 1970, na mwaka 1984 kikatoka Kosa la Bwana Msa. Kwa miaka 24 wasomaji walikuwa wamemzoea mtu mwenye kiko, mwenye kunyamaza wakati wengine wanasema, na mwenye rafiki aitwaye Najum. Jina la kitabu cha 1984 lina nguvu kwa sababu ya miaka hiyo. Neno kosa likiwekwa kwa mpelelezi wa kitabu cha kwanza halimshtui mtu. Likiwekwa kwa Bwana Msa lamfanya msomaji anyanyue kichwa. Mtungaji anatumia akiba iliyowekwa na wasomaji wake. Ndivyo ilivyo pia kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, na kwa Joram Kiango wa Ben Mtobwa: thamani ya kila kitabu kipya imo katika vile vilivyotangulia.

Akiba ya namna hii ikitumiwa vibaya, wenyewe huidai. Mfano mkongwe ni wa Uingereza. Desemba 1893 Arthur Conan Doyle alimwua Sherlock Holmes katika gazeti la Strand kwa kuwa alikuwa amemchoka. Wasomaji waliandika barua za hasira, na inasimuliwa kwamba maelfu waliacha kulinunua gazeti lile. Conan Doyle alitoa kisa kingine cha Holmes kuanzia mwaka 1901, akakiweka katika wakati wa kabla ya kifo kile, kisha mwaka 1903 akamrudisha akiwa hai. Malalamiko yale yalipanda ngazi, yakamfikia mwenye uwezo wa kutengeneza, naye akatengeneza. Ilichukua karibu miaka kumi. Wajukuu wa Lusewa wangalipata jibu kabla ya moto kuzimika.

V. Kifo Kilichokubalika

Yafaa ikumbukwe kwamba si kila kifo cha mhusika kinaleta malalamiko. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa juma, uliokusudiwa kuwafundisha watu juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Mbinu yake ilitokana na kazi ya Miguel Sabido wa Mexico, ambaye aliwagawa wahusika katika makundi matatu: wenye mwenendo mwema, wenye mwenendo mbaya, na wale wanaosita katikati kisha wakageuka. Mkwaju, dereva wa malori ya safari ndefu, mlevi na mwenye wanawake njiani, alikuwa wa kundi la pili. Tunu, mkewe, aliyeanza akiwa mvumilivu wa mateso na baadaye akajitegemea, alikuwa wa kundi la tatu. Wachunguzi waliweza kupima athari ya mchezo huo kwa sababu kuanzia 1993 hadi 1995 matangazo yale hayakutolewa na mtambo wa Dodoma, na watu wa huko wakalinganishwa na wa mahali pengine.

Mkwaju aliambukizwa virusi vya UKIMWI, na hatimaye akafa. Mtu asiyeujua mchezo angedhani kwamba kumwua mhusika aliyejulikana nchi nzima ni kuwaudhi wasikilizaji. Kumbe kifo kile kilikuwa kimo ndani ya mwenendo wake tangu sehemu za mwanzo, kama mbegu iliyomo ndani ya tunda. Msikilizaji aliyekuwa akihesabu matendo aliweza kuona hesabu inakokwenda. Uongo ulikuwa umekolea.

Katika michezo ya kompyuta uko mfano ulio karibu na huo. Mwaka 1997 kampuni ya Square ya Japani ilitoa sehemu ya 7 ya mfululizo wake uitwao Final Fantasy. Katikati ya hadithi msichana Aerith, ambaye mchezaji amesafiri naye na kumlea kwa saa nyingi, anauawa kwa upanga, wala hakuna ustadi wa mchezaji unaoweza kumwokoa. Wachezaji wengi walihuzunika sana, na wako waliotafuta kwa miaka njia ya siri ya kumfufua. Pamoja na hayo, mchezo ule unahesabiwa hata leo kuwa miongoni mwa hadithi bora za sanaa hiyo. Huzuni ilikuwepo, kinyongo hakikudumu. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba watu huchukia mwisho mchungu kwa kuwa ni mchungu.

VI. Nafsi ya Kwanza

Ni kitu gani basi kilicho kipya katika mchezo wa kompyuta? Jibu lapatikana kwa kuwasikiliza wachezaji wanavyosimulia. Msomaji wa Bwana Msa husema: aliingia, aliuliza, aligundua. Mchezaji wa gemu husema: niliingia, nimemwokoa, nimeuawa. Hatumii nafsi ya tatu. Kiambishi cha nafsi ya kwanza kimeingia mahali palipokuwa pa mhusika, na mabadiliko haya madogo ya sarufi yana matokeo makubwa. Hadhira imepewa sehemu ya ufanani. Inatenda ndani ya hadithi, na kwa kutenda inadhani, si bila sababu, kwamba matendo yake yamehesabiwa.

Kisa mashuhuri zaidi ni cha Mass Effect, hadithi ya anga za mbali iliyotungwa na kampuni ya BioWare ya Kanada katika sehemu tatu, za miaka 2007, 2010 na 2012. Mchezaji ni Kamanda Shepard, mwanamume au mwanamke kama apendavyo, anayepigana na mashine za kale ambazo kila baada ya miaka 50,000 huja kuteketeza mataifa yote yenye elimu. Uhodari wa hadithi hii ulikuwa katika kumbukumbu yake. Uamuzi uliofanywa katika sehemu ya kwanza ulichukuliwa hadi ya pili na ya tatu: aliyeachwa afe hakuonekana tena, aliyeokolewa alirudi na kushukuru au kulipiza. Wachezaji waliambiwa na watengenezaji kwamba maamuzi yao yangekuwa na uzito mpaka mwisho.

Mwisho ulipofika, Machi 2012, mambo yote yaliyotangulia yaliishia mbele ya kiumbe mmoja aliyetoa njia tatu za kuchagua, na njia hizo zilionyeshwa kwa picha zilizokaribiana mno, tofauti iliyo wazi ikiwa rangi ya mwanga: nyekundu, buluu na kijani. Miaka mitano ya maamuzi ikawa kama haikuwapo. Aliyeokoa watu na aliyewaangamiza walitazama karibu picha zile zile.

Namna wapenzi walivyolalamika yastahili kuandikwa. Walikusanya fedha na kuipelekea kampuni keki ndogo zipatazo 400, zenye sukari ya juu ya rangi tatu, nyekundu, buluu na kijani, na ndani zote zikiwa na ladha moja. Hakuna mhakiki aliyeeleza kasoro ile kwa ufupi kuliko keki hizo. Wengine walichanga zaidi ya dola 80,000 kwa ajili ya shirika linalowapelekea michezo watoto waliolazwa hospitali, ili kuonyesha kwamba hawakuwa wahuni. Mmoja alipeleka malalamiko kwa tume ya serikali ya Marekani inayoshughulikia hila za biashara. Juni 2012 kampuni ilitoa bure nyongeza iliyorefusha mwisho na kueleza yaliyowapata wahusika, ingawa msingi wa hadithi haukubadilishwa. Wengine waliridhika, wengine hawakuridhika. Walakini tangu siku hiyo hakuna mtungaji wa michezo hii aliyeweza kusema kwamba hadhira yake haina sauti.

VII. Aina Tatu za Malalamiko

Mifano hii ikitazamwa pamoja, malalamiko yaweza kugawanywa katika aina tatu.

Ya kwanza ni malalamiko juu ya hesabu iliyofutwa. Hadithi iliahidi kwamba matendo yatalipwa, kisha haikulipa. Mfano wake ni Mass Effect, kama ulivyoelezwa.

Ya pili ni malalamiko juu ya hadithi iliyokataa kufungwa. Mfululizo wa Assassin's Creed wa kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ulianza mwaka 2007 ukiwa na visa viwili vilivyosukwa pamoja: kimoja cha zamani, na kingine cha siku hizi kilichomhusu Desmond Miles, anayeona maisha ya mababu zake. Desmond alikufa mwaka 2012 mwishoni mwa sehemu iliyoitwa ya 3. Kisa cha kale kiliendelea kupata nchi mpya na mashujaa wapya, lakini kile cha siku hizi, ambacho ndicho kilichokuwa uzi wa kushikiza ushanga wote, kilibaki chembamba. Wapenzi wa zamani walilalamika kwamba shanga zinaongezwa na uzi umekatika. Sababu ya hali hiyo si ngumu kuiona. Hadithi inayouzwa vizuri haina ruhusa ya kufungwa, na hadithi isiyoweza kufungwa haiwezi kukabidhiwa. Neno itaendelea, lililokuwa ahadi, limekuwa amri ya biashara.

Ya tatu ni malalamiko juu ya mhusika aliyeondolewa mikononi mwa hadhira. Kampuni ya Naughty Dog ya Marekani ilitoa The Last of Us mwaka 2013, na wachezaji wakatembea sehemu kubwa ya kisa wakiwa Joel. Katika sehemu ya pili, ya Juni 2020, Joel anauawa mapema, na baadaye mchezaji analazimishwa kuwa Abby, yule yule aliyemwua, kwa karibu nusu ya mchezo. Hapa nafsi ya kwanza imegeuzwa makusudi: aliyesema nimeuawa sasa anatakiwa aseme nimeua. Wako waliosema kwamba huo ni usaliti, na wako waliosema kwamba ndio ustadi wenyewe, kwa kuwa hadithi ilikuwa juu ya kisasi, na kisasi hakieleweki mpaka mtu amekiona kwa macho ya adui yake. Aina hii ya tatu ndiyo ngumu kuamua, kwa sababu yawezekana mapatano hayakuvunjwa bali yalidaiwa mpaka mwisho wake.

VIII. Mpaka wa Haki ya Hadhira

Haki ya hadhira ina mpaka, na kisa cha 2020 kinauonyesha. Mwigizaji wa kike aliyetoa sauti ya Abby alipelekewa matusi na vitisho vya kuuawa, yeye na watu wa nyumba yake, kwa kosa lililotendwa na mtu asiyekuwapo duniani. Hapa mapatano yalivunjwa na hadhira. Aliyesema uongo njoo hana haki ya kumpiga mawe aliyeuleta uongo ule, sembuse yule aliyeazima sauti tu. Fomula ya kufungia inasema kwamba ubaya ni wa msimulizi, na maana yake ni ubaya wa hadithi. Haisemi kwamba msimulizi mwenyewe ni mbaya.

Mambo hayo yanaeleweka zaidi kwa kurudi kwenye umbali uliotajwa mwanzoni. Bibi hulaumiwa usoni, na lawama ikaisha. Mwandishi wa redio au wa gazeti hupata malalamiko kwa barua. Mtungaji wa mchezo wa kompyuta si mtu mmoja. Ni mamia ya watu katika nchi ya mbali, nao wamejificha nyuma ya jina la kampuni. Manung'uniko huzunguka miongoni mwa wachezaji, kila mmoja akimtia mwenziwe moto, hata yakawa kinyongo; na kinyongo kisipopata mwenyewe humwangukia yeyote mwenye uso unaojulikana. Hilo halihalalishi tendo, walakini hulieleza.

IX. Kazi Iliyo Mbele

Katika Afrika Mashariki hadhira imepata njia yake ya kulipunguza pengo hili. Katika vibanda vya video wamezuka wasimulizi wanaosimama kati ya filamu ya kigeni na watazamaji, wakiieleza kwa Kiswahili, wakiongeza na kupunguza: Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya ni majina yanayojulikana sana. Kazi yao haikuwa tafsiri tupu. Mahali ambapo filamu ilinyamaza, wao walisema. Mahali ambapo mhusika hakueleweka, wao walimpa sababu. Kwa maneno mengine walimrudisha fanani mbele ya hadhira, aonekane na alaumiwe. Mchunguzi anayetaka kujua jinsi Waswahili wanavyopima mkondo wa hadithi ya kigeni angeanzia hapo, kwa kulinganisha maneno ya filamu na maneno ya msimulizi, na kuuliza kila nyongeza ilijaza upungufu gani.

Hali kadhalika barua ambazo wasikilizaji na wasomaji huziandikia redio na magazeti juu ya hadithi za mfululizo zinastahili kukusanywa na kuhifadhiwa kama zinavyohifadhiwa tenzi na ngano. Ndani yake mna uhakiki, ijapokuwa hautumii istilahi za uhakiki. Mtu anayeandika kwamba fulani hangefanya vile amekwisha kutoa nadharia ya mhusika. Anayeandika kwamba hadithi inazunguka pale pale amekwisha kutoa nadharia ya msuko. Maneno wanayoyatumia wachezaji wa gemu nayo yafaa kuandikwa mapema, hasa matumizi yao ya nafsi ya kwanza, kabla desturi haijayafanya yasionekane.

Vijana wa Afrika Mashariki wameanza kutunga michezo yao wenyewe, na siku moja itakuwapo hadithi ndefu ya Kiswahili ambayo mtoto wa Lusewa ataicheza sehemu baada ya sehemu katika simu. Watungaji wake hawatakuwa na haja ya kutafuta mbali kanuni ya kuwaongoza. Waukaribishe uongo, waangalie ukolee, na siku ya kufunga wafunge, wakiwaachia wote uzuri na kujiwekea wenyewe kasoro.